Haidrojeni ya angani: inazuia eksirei au inazitoa?

Msomaji wa Tanga, mpiga picha za eksirei hospitalini, ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwamba anga lote, mchana na usiku, lina mng'ao hafifu wa eksirei, na kwamba upande ule ambako gesi ya haidrojeni ni nyingi, mng'ao huo unapungua. Nina maswali mawili. Gesi hiyo wanasema ina atomu moja tu kwa kila sentimita ya ujazo. Itazuiaje eksirei, wakati zangu zinapenya kifua cha mtu mzima? Na pili, hiyo haidrojeni kazi yake ni kuzuia tu, au ndiyo yenyewe inayotoa?"

Marahaba, ndugu yangu. Swali lako la kwanza lina jibu la hesabu, na tutaifanya hapa hapa. La pili limewahangaisha wanafizikia kwa zaidi ya miaka 40, na kila walipodhani wamelimaliza, liligeuka. Nitakupeleka njia waliyopita wao, kwa sababu wewe kwa kazi yako unaijua njia hiyo kuliko wasomaji wengi: ni kazi ya kusoma vivuli.

Tuanze na mashine yako. Ukiweka kilovolti 70, eksirei zinazotoka zina nishati ya makumi elfu ya elektronivolti, kipimo kidogo cha nishati ya mwale mmoja. Eksirei za angani tunazozizungumzia hapa, zile ambazo haidrojeni inahusika nazo, zina elektronivolti 250 hivi. Ni dhaifu kuliko zako kwa zaidi ya mara 100. Wanaastronomia wanaziita eksirei laini, na ulaini huo unaujua: ndiyo sababu mdomoni mwa tyubu yako pamewekwa kichujio cha alumini. Kinaondoa miale ya nishati ndogo, kwa kuwa miale hiyo haifiki kwenye picha. Inaishia kwenye ngozi ya mgonjwa, ikimwumiza bure. Atomu humeza mwale mzima kwa mkupuo na kutema elektroni, na kadiri mwale unavyokuwa dhaifu ndivyo atomu inavyozidi kuwa na uchu. Ukipunguza nishati kwa nusu, uwezo wa kumeza unapanda karibu mara 8. Sasa shuka kutoka elfu makumi hadi 250, uone tunafika wapi. Eksirei ya elektronivolti 250 haivuki hata sentimita moja ya hewa ya chumba chako.

Kwa hiyo usiifikirie gesi ya angani kama kitu cha kuzuia eksirei zako. Inazuia eksirei ambazo hata pumzi yako ingezizuia.

Sasa hesabu. Chukua bomba la mraba, sentimita 1 kwa sentimita 1, ulinyooshe kutoka usoni mwako hadi kwenye nyota iliyo mbali miaka 100 ya nuru. Mwaka mmoja wa nuru una urefu wa karibu sentimita 1 ikifuatiwa na sifuri 18. Miaka 100, basi, ni 1 na sifuri 20. Kama kila sentimita ya ujazo ina atomu moja, ndani ya bomba lako mna atomu 1 na sifuri 20. Idadi inatisha, lakini ipime kwa mizani: haidrojeni hiyo yote ina uzito wa miligramu 0.17. Ongeza gesi ya heli inayosafiri nayo, inakuwa kama miligramu 0.23. Karatasi ya kawaida ya ofisini, ile ya gramu 80, ina miligramu 8 kwa kila sentimita ya mraba. Yaani gesi yote ya miaka 100 ya nuru, ukiikusanya na kuilaza kama karatasi, ni nyepesi kuliko karatasi mara 35 hivi. Ukiibana iwe nzito kama hewa ya Tanga, unapata tabaka la milimita 2, unene wa punje ya mchele.

Na tabaka hilo la punje ya mchele linatosha kumeza sehemu kubwa ya eksirei laini. Nadhani swali la kwanza limekwisha, ila kuna jambo moja ambalo vitabu vingi hulipita haraka, nami sipendi kulipita.

Tunasema "haidrojeni inazuia", lakini haidrojeni yenyewe ni mzembe katika kazi hii. Ina elektroni moja, nayo imeshikwa kwa ulegevu. Kwenye elektronivolti 250, kazi kubwa ya kumeza inafanywa na heli, ingawa kuna atomu moja tu ya heli kwa kila 10 za haidrojeni. Ukipanda juu zaidi, kupita elektronivolti 284, kaboni inaingia kazini. Ukipita 543, oksijeni inashika usukani, ingawa ni atomu moja kwa kila elfu mbili hivi. Mbona basi hesabu zote zinaandikwa kwa haidrojeni? Kwa sababu haidrojeni ndiyo inayohesabika. Mwaka 1944 Mholanzi Hendrik van de Hulst alitabiri kwamba atomu ya haidrojeni, ikiwa imetulia peke yake angani, hutoa wimbi la redio lenye urefu wa sentimita 21. Tarehe 25 Machi 1951 Harold Ewen na Edward Purcell wa Harvard walilinasa, kwa honi ya plaiwudi iliyovikwa shaba na kutokezwa nje ya dirisha la maabara. Atomu moja hutoa wimbi hilo mara moja katika miaka milioni 10 hivi, lakini atomu zenyewe ni nyingi mno, kwa hiyo mlio haukatiki. Tangu siku hiyo tunaweza kuelekeza antena popote angani na kusema: upande huu bomba lina atomu kadhaa wa kadhaa. Heli na oksijeni tunazikadiria kwa kujua zinafuatana nayo. Haidrojeni ni mhesabiwa kwa niaba ya msafara mzima.

Sasa tuje kwenye mng'ao wenyewe.

Usiku wa Juni 1962, roketi ya Aerobee ilirushwa kutoka White Sands, New Mexico, ikiwa na vihesabio vya mionzi vya Riccardo Giacconi na wenzake Herbert Gursky, Frank Paolini na Bruno Rossi. Walitaka kuona kama Mwezi unatoa eksirei baada ya kupigwa na zile za Jua. Roketi ilikaa juu ya angahewa kwa dakika 5 na kitu. Walichokiona hakikuwa Mwezi, bali nyota moja kali katika kundinyota la Nge, na nyuma yake mng'ao uliotoka kila upande. Vihesabio vilipozunguka angani havikuteremka hadi sifuri hata mara moja. Mng'ao wa eksirei wa anga lote ulikuwa umegunduliwa kabla hatujaijua nyota ya pili ya eksirei mbali na Jua.

Hapa pwani yetu ina sehemu yake, na naitaja kwa fahari. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini kaskazini ya Malindi, roketi ya Scout ilipandisha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya eksirei za angani tu. Ilikuwa siku ya kuadhimisha miaka 7 ya uhuru wa Kenya, na Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo huko NASA, aliipa jina Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Lakini Uhuru ilitazama kuanzia elektronivolti 2,000 kwenda juu, na huko gesi ya angani ni kama kioo safi. Ilitupa nyota na galaksi. Fumbo la haidrojeni halikuwa lake.

Fumbo hilo lilianza mwaka 1968, pale Stuart Bowyer, George Field na John Mack waliporusha roketi yenye kihesabio cha dirisha jembamba, lililoruhusu eksirei laini kuingia. Waligundua kwamba kwenye elektronivolti 250 anga linang'aa kuliko ilivyotarajiwa, na mng'ao unaongezeka kadiri unavyoinua macho kutoka kwenye bapa la galaksi yetu, ule mkanda mweupe wa usiku, kuelekea juu yake au chini yake. Haidrojeni inafanya kinyume: imejaa kwenye bapa, inapungua juu na chini. Ukichora grafu, haidrojeni ikipanda eksirei zinashuka.

Mtu yeyote angesema: basi limekwisha! Mng'ao unatoka mbali, nje ya galaksi, na gesi yetu inausimamisha njiani kama pazia la dirishani. Panapo pazia zito ndani pana kiza. Ndivyo walivyosema wengi, na hata mimi nilipochora grafu hiyo kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi sikuona njia nyingine ya kuisoma.

Waliokataa kuridhika walikuwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison: William Kraushaar, Dan McCammon, Wilton Sanders na wenzao. Walirusha roketi moja baada ya nyingine, kila moja ikiwapa dakika chache tu za kutazama, hadi safari 10 zikawapa ramani ya karibu anga lote, waliyoichapisha mwaka 1983. Kwangu mimi hii ni moja ya kazi nzuri kabisa za fizikia ya anga, kwa sababu hawakuuliza tu kama grafu inashuka. Waliuliza inashukaje.

Jambo la kwanza lililowatia shaka ni bapa lenyewe. Kule kwenye bapa la galaksi gesi ni nzito hata mara 100 kuliko inayohitajika kumeza eksirei laini zote. Kama mng'ao ungekuwa nyuma ya pazia, pale pangekuwa giza totoro. Haikuwa hivyo. Mng'ao ulishuka hadi nusu au theluthi, ukaishia hapo. Kitu fulani kilikuwa kinang'aa upande wetu wa pazia.

La pili ni Wingu Dogo la Magellan, galaksi jirani iliyo mbali miaka ya nuru kama 200,000, yenye haidrojeni yake tele. Kama eksirei laini zinatoka mbali kupita huko, galaksi hiyo ingetupa kivuli kwenye mng'ao, kama mfupa unavyotupa kivuli kwenye picha yako. Mwaka 1971 McCammon na wenzake walikitafuta kivuli hicho. Hakikuwepo. Mng'ao, basi, ulikuwa unaanzia mbele ya galaksi ile.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi, nawe utalielewa upesi. Walipima kwa vichujio viwili: kimoja cha boroni kilichopitisha eksirei za elektronivolti chini kidogo ya 188, kingine cha kaboni kilichopitisha zile za chini ya 284. Unakumbuka kanuni yetu: mwale dhaifu unamezwa zaidi. Kama ni pazia linalopunguza mng'ao, basi miale ya kichujio cha boroni ingepaswa kupungua kwa kasi zaidi kuliko ya kaboni kila gesi inapoongezeka. Ni sawasawa na wewe unavyojua kwamba ikishapita kwenye paja nene, miale yako inayobaki ni ile mikali tu. Walipogawanya kipimo kimoja kwa kingine, anga zima, uwiano ulibaki karibu ule ule. Mng'ao ulikuwa unapungua na kuongezeka bila kubadilika sura. Pazia haliwezi kufanya hivyo.

Nini basi kinaweza? Fikiria chumba chenye magunia na watu. Palipo na magunia mengi watu ni wachache, si kwa sababu magunia yanawaficha, bali kwa sababu nafasi ni ile ile moja. Wisconsin walipendekeza kwamba Jua letu limo ndani ya pango kubwa lililojaa gesi ya moto sana, nyuzi milioni moja hivi, na gesi hiyo ndiyo inayotoa eksirei laini. Pango si duara. Limerefuka kuelekea juu na chini ya bapa. Upande ambako pango ni refu, gesi ya moto ni nyingi, eksirei ni nyingi, na haidrojeni baridi imesukumwa mbali. Upande ambako ukuta wa pango uko karibu, gesi ya moto ni fupi na haidrojeni imeanza mapema. Grafu inashuka vile vile, lakini hakuna kinachomzuia mwenziwe. Wamegawana nafasi.

Pango hilo leo tunaliita Kiputo cha Jirani. Ukuta wake uko mbali kama miaka 300 ya nuru kwa wastani, pengine karibu zaidi, pengine mbali zaidi. Lilichimbwa na nyota zilizolipuka. Catherine Zucker na wenzake, katika kazi iliyotoka mwaka 2022, walikadiria milipuko kama 15 iliyoanza takriban miaka milioni 14 iliyopita, na kwamba Jua liliingia humo baadaye, likipita zake, kiasi cha miaka milioni 5 iliyopita. Masalia ya milipuko ya namna hiyo yamepatikana chini ya bahari: aina ya chuma yenye namba 60, ambayo nusu yake huoza kila miaka milioni 2.6, imekutwa kwenye maganda ya miamba ya sakafu ya Pasifiki. Chuma hicho hakitengenezwi hapa Duniani kwa kiasi hicho. Kimemwagwa kutoka juu.

Hapo watu wengi walifunga daftari. Lakini wewe hungefunga. Mtoto akiletwa amemeza sarafu, picha ya mbele inakuonyesha duara jeupe kifuani, basi. Iko mbele ya uti wa mgongo au nyuma? Imo kwenye njia ya chakula au ya hewa? Picha moja haisemi kitu kuhusu kina, kwa hiyo unamgeuza mtoto ubavu. Anga haligeuziki ubavu. Kinachobaki ni kutafuta wingu moja moja ambalo umbali wake unajulikana, na kuangalia kama linatupa kivuli. Likitupa kivuli, kuna mwanga nyuma yake. Kina cha kivuli kinakwambia ni kiasi gani.

Roketi za dakika 5 zilikuwa na macho mapana mno kwa kazi hiyo. Ilibidi kungoja ROSAT, setilaiti ya Ujerumani iliyojengwa kwa kushirikiana na Marekani na Uingereza, iliyorushwa tarehe 1 Juni 1990. Hata mwezi haujaisha, tarehe 29 Juni, iliupiga picha Mwezi. Nakuomba uitafute picha hiyo. Nusu inayomulikwa na Jua inang'aa kwa eksirei, kile hasa alichokitafuta Giacconi mwaka 1962. Nusu nyingine ni duara jeusi lililokatwa kwenye anga linalometa: Mwezi ukitupa kivuli kwenye mng'ao wa anga lote. Ila weusi huo haukuwa kamili. Upande wa giza ulikuwa na vitone vichache vya eksirei. Viweke akilini, tutavirudia.

Mwaka uliofuata, 1991, makundi mawili, la David Burrows na Jeffrey Mendenhall, na la Steve Snowden na wenzake, yalitangaza jambo lile lile. Katika kundinyota la Draco kuna wingu la gesi baridi lililo mbali zaidi ya miaka 1,000 ya nuru, nje kabisa ya Kiputo. ROSAT ilionyesha kivuli chake wazi, umbo la wingu likifuatana na umbo la kivuli kama mbavu kwenye picha ya kifua. Kwenye elektronivolti 250, karibu nusu ya mng'ao wa upande ule ilikuwa imekatwa.

Nusu! Maana yake nusu nyingine iko mbele ya wingu, ndani ya Kiputo au karibu nacho, kama Wisconsin walivyosema. Lakini nusu iliyokatwa ilitoka nyuma, kwenye gesi ya moto iliyotanda juu ya galaksi yetu kama mvuke juu ya sufuria. Pazia lipo, na mgawanyo wa nafasi upo. Waliosema "pazia tu" walikosea, na waliosema "nafasi tu" nao walibaki na nusu ya ukweli.

Kulikuwa na doa moja. Walipokuwa wakishona ramani ya ROSAT, waliona kwamba mng'ao wa sehemu ile ile ya anga ulikuwa unapanda kwa saa kadhaa au siku kadhaa kisha unatulia. Gesi yenye upana wa miaka 300 ya nuru haiwezi kupata moto leo na kupoa kesho kutwa. Walilipunguza hilo kwenye data kadiri walivyoweza, wakaendelea.

Jibu lililetwa na nyotamkia. Machi 1996 nyotamkia Hyakutake ilipita karibu na Dunia, ROSAT ikaelekezwa huko, na ikaonekana inatoa eksirei. Bonge la barafu na vumbi, baridi kabisa, linatoa eksirei! Mwaka 1997 Thomas Cravens alieleza kinachotokea. Upepo wa Jua, yaani mkondo wa chembe zinazomwagika kutoka kwenye Jua, una atomu za oksijeni na kaboni zilizovuliwa elektroni karibu zote. Atomu ya namna hiyo ikikutana na atomu nzima ya gesi baridi inaipora elektroni. Elektroni iliyoporwa inatua ngazi ya juu ya mwenyeji wake mpya, kisha inaporomoka ngazi kwa ngazi hadi chini, na katika kuporomoka inatoa eksirei. Hakuna joto linalohitajika. Ni uporaji tu.

Sasa unganisha, ndugu yangu. Gesi ya angani haikomi mlangoni mwa Jua. Haidrojeni na heli zisizo na chaji hupita ndani ya mfumo wetu wa sayari kwa kasi ya kilomita 25 hivi kwa sekunde, kama upepo upitao kwenye baraza. Upepo wa Jua unazipora elektroni njiani, kila siku, pande zote. Dunia nayo ina ukungu wake wa haidrojeni unaoenea mbali juu ya angahewa, nao unaporwa vile vile. Upepo wa Jua ukivuma kwa nguvu, eksirei zinapanda, ukitulia, zinashuka. Ndicho kile kilichokuwa kinapanda na kushuka kwenye ramani ya ROSAT. Na vile vitone kwenye upande wa giza wa Mwezi vilikuwa mbele ya Mwezi, kati yake na sisi.

Ndiyo maana sikukujibu "inazuia" halafu nikanyamaza. Haidrojeni ya angani, na heli yake, inapokutana na upepo wa Jua inatoa elektroni zinazozaa sehemu ya mng'ao ule ule ambao, mbali zaidi, dada zake wanauzuia.

Hofu iliyofuata ilikuwa kubwa: je, kama mng'ao wote wa karibu ni uporaji tu, Kiputo cha gesi ya moto kipo kweli? Wapo waliosema hakipo. Ili kuamua, Massimiliano Galeazzi wa Chuo Kikuu cha Miami na wenzake walirudi kwenye roketi. Heli inayopita mfumo wetu huvutwa na Jua na kukusanyika nyuma yake kama mkia, na Dunia hukatiza mkia huo kila mwaka mapema Desemba. Hapo uporaji wa elektroni za heli huongezeka sana, na kwa kuupima pale unaweza kuuhesabu popote. Tarehe 12 Desemba 2012 roketi yao, iliyoitwa DXL, ilipaa kutoka White Sands. Vihesabio vyake vilikuwa vile vile vya Wisconsin vya miaka ya 1970, vilivyokarabatiwa. Nikiliona hilo moyo wangu unafurahi: chombo kilichouliza swali ndicho kilichorudi kulijibu. Na kwa sisi wa huku, ilikuwa miaka 42 kamili tangu Uhuru ipae Malindi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Kwenye bapa la galaksi, karibu asilimia 40 ya eksirei laini zinatokana na upepo wa Jua. Zilizobaki zinatoka kwenye Kiputo. Kipo, ila si king'avu kama tulivyodhani.

Julai 2019 darubini ya eksirei ya eROSITA ilirushwa kutoka Baikonur, Kazakhstan, na kuwekwa kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani, mbali na ukungu wetu wa haidrojeni, ikatazama anga hadi Februari 2022. Ramani zake zimeanza kutuonyesha kuta za Kiputo, na katika kazi iliyotoka mwaka 2024 inaonekana kuna handaki la gesi ya moto linaloelekea kundinyota la Kantarusi, lile lenye nyota Rijili Kantori, kana kwamba pango letu limetoboka kuingia pango la jirani.

Uliuliza mwishoni mwa barua kama kuna mahali angani unapoweza kutazama ukajua kwamba hapo pazia ni jembamba. Lipo. Mwishoni mwa Aprili, saa 3 usiku, simama mahali pasipo taa, uelekee kaskazini. Dubu Mkubwa atakuwa amesimama juu ya upeo wa macho, kichwa chini miguu juu kwa sisi tulio kusini ya ikweta. Tafuta nyota zake mbili zinazoongozana, Dubhe iko chini na Merak juu yake. Kushoto kwao kidogo pana sehemu isiyo na kitu cha kuona kwa macho. Inaitwa Tundu la Lockman, kwa jina la Felix Lockman, aliyeieleza pamoja na wenzake mwaka 1986. Ukinyoosha bomba letu kuelekea pale, kutoka Tanga hadi nje kabisa ya galaksi, litakuwa na haidrojeni kama nusu tu ya ile tuliyoipima pamoja: nusu ya unene wa punje ya mchele. ROSAT ilitazama hapo kwa siku nyingi, na kwenye elektronivolti 500 hadi 2,000 mng'ao ulipasuka ukawa vitone vitone. Asilimia 70 hadi 80 ya mng'ao huo ilitoka kwenye vitone hivyo, na vingi vyao ni mashimo meusi makubwa katikati ya galaksi za mbali.